Nyuki Wasiopenda Uzinzi

Miaka ile ya ruksa, kila mtu Mbinga mjini alikuwa anauza kitu. Aliyekosa bidhaa aliuza maneno. Placidi alikuwa navyo vyote: ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na mzinga wa nyuki nyuma ya nyumba yake, majirani wakianika nguo kwa roho mkononi.

Fursa aliiona siku alipowauza nyuki wale, ndani ya mzinga mpya, kwa Dunstan, fundi cherehani, akapewa baiskeli. Kesho yake nyuki walikuwa wamerudi, wamejaa kwenye mzinga mkuukuu uliobaki palepale. Nyuki wana ujinga mmoja: ukiwahamishia mtaa wa pili tu, wakitoka kutafuta maua hurudi walikozoea. Mali inayouzika kisha ikarudi nyumbani! Hata walanguzi wa kahawa hawakuwa nayo.

Dunstan alipokuja kuuliza, Placidi alimtazama kwa huzuni. Akamweleza kwamba hawa ni nyuki wengine kabisa, na kwamba babu yake wa kijiji cha Kihagara, kule ziwani, alimwachia neno moja: nyuki hawakai penye uzinzi.

Dunstan alirudi kwake kimya, akampigia mkewe magoti kuomba radhi ya kosa asilolijua. Pankras wa bucha akafuata, akatoa mbuzi, akanyamaza vilevile. Nani angesimama sokoni kutangaza kwamba nyuki wamemhama?

Placidi hakuwa mlafi bure, tumtendee haki. Alimpenda Winifrida, binti wa Katekista Kilian, mpaka usingizi ulimpaa. Katekista, aliyekuwa amezisikia sifa za nyuki, alisema siku ya posa ataanzia kwenye mzinga. Nyuki wakiwemo, binti anaolewa.

Zamu ikamfikia Isidori, mwenye mashine ya kusaga, aliyetoa redio. Nyuki walipenya kwenye vumbi la unga wa mashine, wakarudi kwa Placidi weupe pe. Siku hiyohiyo akaja Ephrasia, mke wa Isidori, ambaye godoro la mumewe alikwisha kulitupa stoo. Akasimama mbele ya mzinga, akauliza mbona hawa weupe.

"Uzee, mama," Placidi akajibu. "Hata nyuki huota mvi."

Ephrasia akacheka kidogo, akaenda zake.

Posa ilipokaribia, alirudi mnyenyekevu kupita kiasi. Mume ametubu, alisema, tuuzie tena, safari hii kwa mabati. Mabati! Nyumba ya kumweka Winifrida ilikuwa bado ya nyasi. Placidi akapiga hesabu: nyuki wanaondoka leo jioni, kesho wamerudi, wakwe wanafika keshokutwa. Akawahamishia kwenye mzinga mwingine, akauziba mlango wake kwa majani, akamtwisha Ephrasia mwenyewe.

Mzinga haukufika mashineni. Ulipanda lori la samaki lililokuwa likirudi ziwani, ukashushwa Kihagara kwa dada yake Ephrasia. Kutoka huko nyuki harudi hata akipewa nauli.

Wakwe walifika. Ephrasia, kwa wema wake, alikuwa amewaalika wateja wote wa zamani waje washuhudie. Katekista akatega sikio kwenye mzinga mkuukuu, akagonga. Kimya.

"Nyuki wako wapi, mwanangu?"

Placidi akapima. Akisema ukweli, ataikosa baiskeli, mbuzi, redio, mabati na mke pia. Uzinzi kanisa lina dawa yake. Akainamisha kichwa.

"Nimeanguka, baba. Ni uzinzi."

Winifrida akajifunika uso kwa kanga, na hilo lilimuuma Placidi kuliko alivyotarajia. Lakini Katekista hakukasirika. Aliuliza tu, "Na nani?"

Hilo Placidi hakuwa amelipigia hesabu. Nyuma yake Dunstan alikuwa akifikiri polepole. Nyuki waliikimbia nyumba yake, na yeye ni msafi. Basi mchafu ni mwingine mlemle ndani, yaani mkewe. Pankras naye akafikia jibu hilohilo.

"Kumbe ni wewe," Dunstan akasema, akaanza kukunja mikono ya shati.

Placidi akamgeukia Ephrasia, maana ndiye peke yake aliyeujua ukweli. Ephrasia alikuwa akiyakagua mabati yake kama yamepata kutu.

"Sema kweli, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Au kimbia."

Placidi alionekana mara ya mwisho akiteremka njia ya ziwani, mbio, baiskeli ameiacha.

Winifrida aliolewa mwaka uliofuata, na mwanamume asiye na maneno mengi. Asali ya harusi ilitoka Kihagara, na waliokula walisema ilikuwa tamu sana.