Kilomita Ishirini na Tano kwa Lita

Jumatatu, 3 Machi
Gari langu jipya la haibridi, petroli kwa betri, limetimiza mwezi. Mke wangu, niliyemshawishi auze kigari chake ili tulinunue, bado anakwenda kazini kwa baiskeli. Leo kauliza, kwa upole ule unaonitisha, ziko wapi zile kilomita ishirini na tano kwa lita nilizomwapia. Skrini inasema kumi na tisa. Nikajipiga kifua: Ijumaa jioni itasoma ishirini na tano, la sivyo achukue funguo, baiskeli nipande mimi. Akataka maandishi. Nikaandika, nikatia sahihi! Wasiwasi wa nini? Nimerudisha skrini sifuri, naanza upya.

Jumanne, 4 Machi
Ishirini na moja. Adui ni uzito. Nimetoa tairi la akiba, jeki, mazulia na kiti chote cha nyuma. Mke wangu kauliza wageni watakaa wapi. Nikamjibu gari si sebule. Kiti kiko barazani, mama mkwe, tunayeishi naye, keshakikalia. Anasema ndicho kitu cha kwanza cha maana nilichomletea.

Jumatano, 5 Machi
Ishirini na mbili nukta nane! Kiyoyozi marufuku. Vioo navyo juu, maana upepo ukiingia unavuta gari nyuma. Nimefika ofisini nimelowa chapachapa, bosi kauliza kama mtaani kwetu kunanyesha. Barabarani naenda thelathini kwa saa, nyuma yangu msururu wa honi. Lori la taka limenipita. Dereva wake kanipungia mkono kwa huruma. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Ishirini na tatu nukta tisa. Nimenyoa nywele zote. Kila gramu ina hesabu yake. Balaa ni kesho: nampeleka mama mkwe kliniki, kule juu kilimani, jirani na ofisini kwetu. Ni mama mwenye uzito, kwa heshima na kwa mizani pia. Nilidokeza habari ya teksi. Mke wangu kanitazama tu. Nikasema natania.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi, ishirini na nne nukta mbili. Chini ya kilima nikasimama. Kwa adabu zote nikamwambia mama mkwe kuwa hewa ya asubuhi ni dawa ya magoti, ateremke atembee kidogo, nitamsubiri juu. Akasema ameendesha basi la shule miaka thelathini na hajawahi kumshusha mtoto mlimani. Akaniamuru nishuke mimi. Mkwe akiamuru, unafanyaje? Nikashuka. Akahamia kwenye usukani, akawasha kiyoyozi, akaondoka. Juu sikusubiriwa! Nimefika kazini ulimi nje.

Mama mkwe karudi jioni. Kapita kliniki, sokoni, hadi kwa dada yake mji wa pili. Magunia mawili ya viazi pale kilipokuwa kiti. Kiyoyozi kinavuma. Skrini: ishirini na tano nukta nne.

Nikaruka. Nimeshinda! Mke wangu akaisoma ile karatasi taratibu, akakubali kuwa namba imefika. Kisha akasema kitu pekee kilichopungua garini leo ni mimi, basi na libaki hivyo hivyo. Funguo kazitia mkobani. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari siku mbili. Ni viazi. Vililituliza lile gari, hakuna jingine.

Sasa baiskeli. Nimeipima: kilomita nne kwa kikombe cha chai. Aibu! Adui ni uzito. Nimeng'oa kengele, keria na madigadi. Mke wangu kapita na gari, mama yake kando, kashusha kioo kuuliza breki ziko wapi. Breki za nini? Kwenda kazini ni mlima mtupu. Kurudi nitajua huko huko.