Sungura wa Potasiamu

Kirimi hakuwa mwizi. Mwizi huchukua mali mwenyewe akiwa hayupo. Kirimi alikuletea kiti, akakujulia hali ya ng'ombe wako, nawe ukampa kwa mkono wako.

Mwaka wa tisini na sita mtafiti mmoja wa moyo alihama hoteli fulani ya Nyeri kwa pupa, akasahau kisanduku cha barafu. Ndani mlikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole, pamoja na karatasi. Kirimi aliisoma kwa makini: hii ni kingamwili, imetokana na damu ya sungura aliyedungwa sindano, na hutumika maabara kuonyesha protini iliyo mlango wa potasiamu katika seli za moyo. Mstari wa mwisho ulisema si dawa. Huo akaona hauna faida kwa mtu yeyote.

Akahifadhi kichupa katika friji ya Wangechi, mama wa hoteli kule Majengo. Akanunua sungura wa kawaida kwa watoto wa Othaya, akawapakia kwenye pikapu yake. Pikapu hiyo ndiyo mali pekee aliyoipata kihalali, na aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

Aliyewindwa ni Gicheru, mwalimu mstaafu wa Kangari, mwenye majani chai mengi na tamaa iliyoyazidi.

"Mwalimu, hii kitu Wazungu wanaililia," Kirimi alisema, kichupa mkononi. "Inatoka kwa sungura kama hizi. Wewe zalisha tu, mimi nitaleta daktari wa kutoa damu."

"Na watu wakiniona na sungura? Si hiyo ni kazi ya watoto?"

"Ndio maana hakuna tajiri ameifikia."

Gicheru akalipa, akawaficha kwenye zizi la ndama. Hapo ndipo ilipolala hekima ya Kirimi. Mwanamume wa huku akiibiwa ng'ombe ataamsha kijiji kizima, lakini nani ataenda polisi kusema ametapeliwa kwa sungura?

Miezi ikapita. Siku moja Wangechi akamwambia, "Kuna daktari alikunywa chai hapa, akaona chupa yako kwa friji. Ati anataka sungura zote ulipeleka kwa mwalimu, kwa bei yoyote. Anarudi Ijumaa."

Kirimi angecheka, ila karatasi aliisoma mwenyewe. Uongo wake ulikuwa na mfupa wa kweli, na mfupa huo ukamkwama kooni. Akakimbilia Kangari.

"Siuzi," Gicheru alisema. "Zimezaana, na nimezizoea." Akaizunguka pikapu taratibu. "Labda tubadilishane na hii."

Machozi yalimlengalenga Kirimi. Akatoa ufunguo, akatia sahihi hati za gari, akarudi na sungura kwa matatu.

Ijumaa alingoja nyuma ya hoteli, sungura wakimaliza sukuma wiki ya Wangechi. Daktari hakutokea. Ilitokea pikapu, Gicheru kwenye usukani, na Wangechi akapanda mbele akiwa amevaa nguo ya kanisani.

"Mama, kwani mnajuana?"

"Ameoa dada yangu. Hukuuliza."

Kirimi aliwaka hasira, akaenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi, sungura mmoja ndani ya koti kama ushahidi.

"Umeibiwa nini, mzee?" Konstebo Kyalo akauliza, kalamu tayari.

Kirimi akafungua kinywa. Sungura akajikuna.

"Nilikuwa napita tu, afande," akasema, akafunga koti hadi shingoni.