Makofi Yangu Yahesabiwe

Kwa Meneja wa Ukumbi wa Muziki

Ndugu Meneja,

YAH: MAKOFI YANGU YALIYOKATALIWA JUMAMOSI ILIYOPITA

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na ukumbi wako nao umeamka salama, maana kwa ukimya nilioukuta mle siku ile sina neno jingine la kuuelezea ila usingizi.

Mimi ni mshereheshaji. Kwenye harusi, mahafali, hata kuwaaga wastaafu, wananiita niwashikie kipaza sauti, ndiyo maana mtaani naitwa Kipaza. Kazi yangu ni moja tu: ukumbi ukinyamaza, niuamshe. Jumamosi nilikuja kwako mikono mitupu, nimevaa suti ya kazini, kumsikiliza binti yangu akipiga selo, lile fidla kubwa linaloshikwa katikati ya magoti, akiwa na mwenzake wa piano. Kilichonipata humo kimeniharibia nyumba. Nayaweka malalamiko yangu kwa namba ili usije ukasema hukunielewa.

1. Hapakuwa na mshereheshaji. Wasichana wawili walitokea nyuma ya pazia, wakainama, wakakaa, wakaanza. Hakuna aliyewatambulisha. Mimi mzazi nipo mstari wa mbele kabisa, na hakuna aliyeniomba nisimame niwapungie watu mkono. Tena kulikuwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ni kumfunulia mpiga piano kurasa. Anasimama, anafunua, anakaa. Jasho lote lile, na hata jina lake halikutajwa.

2. Kikohozi. Muziki ukipigwa, watu wamekaa kama watoto walioambiwa wasiguse vyombo vya wageni. Ukisimama kidogo, wote wanafungulia kikohozi walichokuwa wamekiweka akiba. Mama mmoja nyuma yangu alikohoa kama anayewasha jenereta, na hakuna aliyemgusa. Nikaelewa kwamba kwako koo lina ruhusa, mikono haina.

3. Makofi yenyewe. Binti yangu alimaliza. Narudia, alimaliza: aliinua upinde, akauacha hewani, akafumba macho. Nimefunga sherehe nyingi, kitu kilichoisha nakijua. Lakini ukumbi ukanyamaza. Nikaona aibu kwa niaba yenu, mtoto amehangaika vile na hakuna hata wa kumwambia ahsante. Nikasimama, nikapiga makofi, nikawageukia wageni na kuwaomba kwa sauti ya kazini wampe makofi ya nguvu, na tena, upande wa kushoto siwasikii. Shingo zote zikanigeukia. Mhudumu wako wa mlangoni, yule dada mwenye tai nyeusi, akanijia kwa kunyata akaninong'oneza kwamba kipande kina sehemu nne, ile ilikuwa ya kwanza, na makofi ni mwisho. Mke wangu alikuwa amekwisha kujifunika uso kwa ratiba, ratiba hiyohiyo yenye sehemu zote nne zimeandikwa. Sikuwa nimeisoma. Mimi ratiba huwa naishika, siletewi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilipoonywa, nilionyeka. Nikaweka mikono chini ya mapaja nikaikalia. Ikaja sehemu ya pili, ile ya polepole, na kwa kufuata sheria zako nikalia bila sauti. Ikaisha, nikanyamaza. Kumbe ya tatu na ya nne zimeunganishwa bila hata kupumua, na mimi kwa hesabu yangu bado nipo ya tatu. Mara ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Nikasema moyoni, haya, safari hii mmeingia mkenge nyinyi. Nikabaki nimekaa, mikono nimeikalia, nawatikisia kichwa kwa kuwasikitikia. Taa zikawaka. Binti yangu akayatafuta macho yangu kati ya watu wote wale, akanikuta katika hali hiyo.

Njia nzima alikumbatia sanduku la selo. Tulipofika mlangoni akasema, "Baba, kumbe hukuupenda." Mimi ninayekula kwa mdomo wangu, nikamfungulia mlango tu. Tangu siku hiyo ni shikamoo tu, halafu chumbani, mlango anafunga. Nilimlea mtoto huyu kwa kelele na kicheko, na sasa nyumba yangu imekuwa kama ukumbi wako.

5. Kwa kuwa kosa si langu, nadai haya. Kwanza, makofi niliyopiga mapema yahesabiwe kuwa ya mwisho, na umwandikie binti yangu barua yenye muhuri kuthibitisha hivyo. Kama mtu anaruhusiwa kukata tiketi mapema, sioni kwa nini asipige makofi mapema. Pili, ufunge jukwaani taa ya kijani, kama za barabarani, ituambie lini tufurahi. Tatu, wanaokohoa watolewe nje, au sisi wengine turuhusiwe kukohoa kwa mikono. Nne, watunzi wote waagizwe kuandika muziki wa sehemu moja tu. Waliokwisha kufa, waitwe warithi wao.

Ukipuuza, mwezi ujao binti yangu akirudi kupiga kwako, nitakuja na washereheshaji wenzangu wote, tukae mstari mmoja na tunyamaze. Hatujawahi kujaribu, na sijui nini kitatokea.

Nisalimie dada mwenye tai, mzee wa kurasa, na yule mama wa jenereta, namwombea nafuu. Mke wangu naye anakusalimu, ila ameomba asihusishwe.

Wako anayengoja mwisho,

Kipaza

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, asubuhi hii binti yangu alikuwa chumbani akikifanyia mazoezi kipande kilekile, mimi na mama mkwe tupo sebuleni. Selo ikanyamaza. Mama mkwe, mtu ambaye nazungumza naye nikiwa nimeangalia chini, akaanza kupiga makofi. Nikajikuta nimeweka kidole mdomoni, namwambia, "Mama, bado." Amekasirika sana na anaulizia malalamiko ya wakwe hupelekwa ofisi gani. Akifika kwako, usimpokee.

Mimi nilisogea nikasimama koridoni, mikono nyuma. Muziki ukaendelea, ukapanda, ukanyamaza. Nikangoja, sijui ni sehemu ya ngapi. Mlango ukafunguliwa.

"Baba," akasema, "sasa umeisha."

Nikapiga mpaka viganja vikawasha. Kwa hiyo barua usimwandikie, taa ya kijani usiifunge, na warithi waache wapumzike. Mwezi ujao niwekee kiti kilekile, nitakuja peke yangu na nitakuwa nimesoma ratiba. Dai la kikohozi linabaki palepale.