Yahusu: Kushushwa kwa Mashine ya Kukatia Nyasi

Kwa Mkaguzi wa Usalama Kazini,

Ndugu Mkaguzi,

Nakuomba, kabla hujafika mstari wa pili, ufunge mlango wa ofisi yako. Kama kuna mtu anayekusomea barua, mtume akalete chai. Neno hata moja la barua hii likisikika hapa chuoni, sina kazi tena, nami bado nipo katika miezi sita ya majaribio. Ukimaliza kusoma, ichane vipande vidogo, na vipande hivyo visitupwe pipa moja.

Mimi ni karani wa masjala katika chuo chenye viwanja viwili vya michezo. Nyasi za viwanja hivyo hukatwa kwa mashine inayoendeshwa ukiwa umeikalia, mfano wa trekta dogo lenye visu tumboni. Dereva wake ni mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyenilea na kunisomesha. Nakuandikia kwa ajili ya mikono yake. Kesho saa tatu asubuhi ataiingiza chini ya mashine hiyo, nayo itakuwa imesimama juu ya matofali. Tulivyofika hapo ni kama ifuatavyo.

1. Visu vilikuwa butu. Nyasi zilikuwa zinatafunwa, hazikatwi. Ili visu vibadilishwe, lazima mashine iinuliwe, kwa hiyo nilisoma kitabu chake cha maelekezo tangu jalada hadi jalada. Kinasema isimame kwenye sakafu ngumu, tambarare. Izimwe, ufunguo utolewe, waya wa plagi ya injini uchomolewe. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari. Jeki iinue, kisha stendi mbili za chuma zibebe uzito, kwa maana jeki huteleza, na mtu hatakiwi kuingiza hata kidole chini ya kitu kinachoshikiliwa na jeki tupu. Basi nikamwandikia Mkuu wa Utumishi, tunayemwita Bwana Utumishi, kwa kuwa stoo iko chini yake: "Naomba mashine ya kukatia nyasi ipandishwe kwa usalama, kwani haiwezi kuendelea katika hali iliyopo."

Kosa ni langu. Ningeandika "iinuliwe". Bwana Utumishi husoma mstari wa kwanza tu, na mkono wake umezoea kupandisha watu vyeo. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: "Limekubaliwa. Miaka tisa kazini, haijaomba likizo wala kujibizana na wakubwa. Imepandishwa kuwa Mkuu wa Kitengo cha Mandhari." Nilipokwenda kumweleza, alicheka. "Binti Karatasi," akaniambia, "wivu wa nini? Zamu yako itafika."

2. Mkuu huyo amepewa chumba changu, kwa sababu kina mlango mpana. Mimi na meza yangu tupo koridoni, kati ya choo na ndoo za mfagizi. Kila anayepita anaegesha kikombe chake juu ya majalada yangu.

3. Umetoka waraka kuhusu lugha. Haturuhusiwi tena kusema "imezimika"; tuseme "amepumzika". Haivuji oili, "anatokwa na jasho". Nilisahihisha sarufi ya waraka huo kwa penseli, nyembamba sana, nikapewa onyo. Utaona kwamba katika barua hii nimeendelea kuandika "i" nikiitaja mashine. Hiyo ni sababu nyingine ya kuichana.

4. Kwa kuwa chumba cha masjala sasa ni chake, Mkuu amefanywa msimamizi wangu, naye ndiye anayejaza fomu yangu ya majaribio. Fomu iliwekwa juu ya kiti chake siku tatu. Ilirudi tupu, ina doa la grisi. Bwana Utumishi aliigeuzageuza, akatikisa kichwa: "Mkubwa wako hana la kukusifia. Na hili doa, mimi nisingelipuuza."

5. Jeki ipo. Stendi mbili zipo pia, mpya, bado zimo kwenye nailoni zake. Lakini kifaa cha kitengo hakitoki stoo bila saini ya mkuu wa kitengo. Nimepeleka fomu mara nne. "Dada, mimi sina shida na wewe," anasema mtunza stoo. "Mwambie bosi wako aweke saini, hata ya haraka haraka." Nikamwambia bosi wangu hana mikono. "Basi akaimishe mtu!" Ndugu Mkaguzi, barua ya kukaimisha nayo inataka saini yake.

6. Kesho mchana kuna hafla ya kumpongeza Mkuu, na Bwana Utumishi ameagiza asihudhurie na visu butu. Nilimsihi mjomba akatae. Akanijibu, "Mpwa wangu, matofali yapo, na mimi nipo. Usinitie woga na kitabu chako." Nimeyakagua matofali hayo. Mawili yana ufa.

Kwa kuwa chanzo cha yote ni cheo, naomba mashine ishushwe. Ikirudi kuwa kitu, saini yake haitahitajika, jeki itatoka, na mjomba atabaki na vidole kumi. Naomba ishushwe leo, kwa ghafla, bila taarifa, na yeyote atakayekuwa karibu nayo, wala asiulizwe mtu. Atakayejaribu kuizuia isishuke ashushwe pamoja nayo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa aliyekwenda kuleta chai, ila asijue salamu zimetoka kwa nani.

Wako mtiifu wa koridoni,
Karani wa Masjala (wa majaribio)

Nyongeza: Tafadhali futa yote niliyosema juu ya kushusha. Isishushwe! Mjomba hakungoja kesho. Nimeingia chumbani kuchukua bahasha, nikamkuta amelala chali chini yake, spana mkononi. "Umekuja wakati mzuri," ameniambia. "Hebu shika hapo kidogo, tofali moja linacheza." Nimeshika. Hapa naandika kwa mkono wa kushoto. Nati ya mwisho ina kutu, naye hatoki mpaka ifunguke. Mtunza stoo amechungulia, ameona saini bado, amekwenda kuulizia utaratibu. Ile siri niliyokuomba, itangaze. Mwambie Bwana Utumishi aipandishe tena na tena, hata ifike kwenye kiti cha Mkurugenzi, almuradi isishuke kabla mjomba hajatoka.

Barua hii nampa mfagizi akimbie nayo. Kunipata, usipige simu. Simu iko koridoni nami siifikii. Ingia geti la nyuma, pita chumba cha chai, mlango wa tatu kushoto, wenye kibao cha Mkuu wa Kitengo cha Mandhari. Njoo na jeki yako mwenyewe na stendi mbili. Ukifika usigonge mlango, ukuta mzima hutikisika. Sema hodi kwa sauti ya chini, nami nitaitika "karibu" bila kugeuka.