Kanuni Tano za Dubu Katika Mahindi ya Kabange

Jumatatu, 24 Februari 2025

Kaye yangu, daftari langu, nakuambia weye wa kwanza. Mwaka huu natembea mbele!

Jumapili ni Malimbuko. Katika kanisa letu la Wametodisti, mwenye kikapu kizuri kuliko vyote cha mahindi mapya anaingia wa kwanza, kwaya nyuma yake, watu wote wamesimama. Pasta Ferdinand hukagua vikapu Jumamosi, kisha anataja jina. Miaka mitatu mfululizo ametaja Papa Mulongo, jirani yangu wa shamba. Miaka mitatu natazama kisogo chake. Kina mikunjo miwili.

Mimi ni Kabange. Kwetu Baluba jina hilo hupewa pacha anayetoka wa pili. Miaka hamsini na miwili niko wa pili. Inatosha.

Mahindi yangu ni mazuri, Mungu asifiwe. Tatizo ni nyani. Kundi zima, na dume kubwa ninayemwita Komanda. Leo wamekula mistari miwili. Mke wangu Élisa anasema tuvune leo yaliyo mazuri, tuyaweke nyumbani. Nikamweleza kwamba mahindi ya Jumatatu yatanyauka kabla ya Jumapili. Akasema, sawa, Papa, basi ba nyani njo batatembea mbele.

Jumanne, 25 Februari

Neema! Nimenunua karanga sokoni. Mama muuzaji alizifunga kwa karatasi ya Kifaransa yenye picha ya mnyama mweusi mwenye manyoya. Karanga nikala, karatasi nikaitunza. Kifaransa changu kiliishia darasa la sita, kwa hiyo nikampelekea mwalimu Noémie, binti wa dada yangu. Akasema inatoka Kanada, inafundisha watu namna ya kujilinda na dubu mweusi. Dubu! Mnyama tunayemsikia tu katika mahubiri!

Kanuni ziko tano. Kwanza, chakula kitundikwe juu, kwenye kamba kati ya miti miwili. Pili, gonga masufuria. Tatu, inua mikono, jifanye mkubwa. Nne, usikimbie, ongea naye polepole. Tano, akikushambulia... hapo karatasi imechanika. Kanuni ya tano imeondoka na karanga za mtu mwingine.

Noémie alinikumbusha kwa heshima kwamba hapa Kamina hakuna dubu. Nikamuuliza: dawa inayoshinda malaria itashindwa na mafua? Akarudi kusahihisha madaftari. Walimu wakishindwa husahihisha.

Jumatano, 26 Februari

Kanuni ya kwanza. Nimevuna mahindi thelathini, yale mazuri kabisa. (Ndiyo, Élisa alisema nivune. Lakini yeye alisema nyumbani, mimi nasema juu. Juu kuna upepo, hayanyauki.) Nikatundika kikapu katikati ya kamba, kati ya miti miwili. Kilipendeza!

Mulongo alipita akiendesha kinga yake. Akauliza kama naanika nguo. Nikamwambia ni elimu ya Kanada. Alicheka hadi akashusha mguu chini ili asianguke pamoja na baiskeli.

Saa sita Komanda alipanda mti wa kushoto. Wake zake wakapanda wa kulia. Wakatembea juu ya kamba, wakakutana kikapuni kama watu wa harusi. Mahindi thelathini! Mtoto mmoja alibaki akibembea ndani ya kikapu kitupu.

Nyani hupanda miti. Karatasi haikusema lolote juu ya hilo.

Toka shambani kwake Mulongo alipaza sauti: eh, Kabange, umebatandikia meza, sasa baletee maji banawe mikono!

Yeye kikapu chake ameshakijaza. Kiko nyumbani kwake, kimefunikwa majani ya ndizi yenye maji. Uoga tu.

Alhamisi, 27 Februari

Kanuni ya pili. Nimegonga sufuria mbili za Élisa toka asubuhi hadi saa nne. Nyani walikaa chini kusikiliza. Wadogo walicheza. Sufuria moja imepinda.

Imebaki mistari minne tu. Kesho kanuni ya tatu. Nimeomba blanketi nyekundu ya harusi yetu. Élisa amekubali, mradi irudi. Juu ya kurudi kwangu hakusema kitu.

Ijumaa, 28 Februari

Moyo umetulia. Nitaeleza kwa mpango.

Saa tatu nilifika shambani. Nikavaa blanketi, nikashika fimbo mbili juu ili nionekane mpana. Nilikuwa mkubwa kama mlango wa kanisa! Komanda alinitazama, akapiga miayo. Kaye yangu, meno yale! Nikakumbuka kanuni ya nne. Sikukimbia. Nikamsalimia polepole, Komanda, wafwako, jamaa hawajambo? Akaja mbio moja kwa moja.

Kanuni ya tano sina. Ikabidi niitunge palepale. Nikaanguka kifudifudi nikawa maiti.

Na ilifaulu! Alininusa shingo, akaniacha. Wengine wakakaa juu yangu wakaanza kula, maganda yananiangukia. Mama mmoja wa nyani akaanza kunitafuta chawa. Sina chawa. Alitafuta hata hivyo, kwa upole sana, vidole vidogo vya joto. Nikasali. Jua lilikuwa zuri, blanketi ni nzito. Nikalala usingizi.

Sikujua kwamba wamama wa kanisa walipita njiani na mihogo yao, wakaona Papa Kabange amelala chini na nyani saba juu yake. Walitupa mihogo, wakakimbia mjini wakilia kwamba nyani wameniua, na hakuna aliyethubutu kuja kuuchukua mwili.

Niliamka saa nane. Nyani hawapo, mahindi hayapo. Nikarudi polepole na blanketi yangu. Nyumbani nikakuta bashi ya turubai imefungwa, viti vya plastiki, wamama kwenye mikeka. Kilio. Nikajiuliza ni nani aliyekufa, maskini. Kisha nikasikia jina langu.

Nilipaswa kuingia. Lakini walikuwa wananisifu! Nikasimama nyuma ya ua nisikilize kidogo. Pasta Ferdinand alisema sijawahi kukosa sala ya asubuhi. Kweli kabisa. Kisha Mulongo akasimama. Alilia, kaye yangu! Alisema, "Miaka mitatu nilimutangulia huyu ndugu, na miye nilijua mahindi yake njo ilikuwa tamu kuliko yangu. Mbele ya Mungu na mbele yenu bote, kikapu changu ni chake. Siku ya Malimbuko atembee mbele, hata kama yeye haiko tena."

Nilitokwa na machozi. Pengine ningekaa hapo hadi jioni, lakini nikasikia harufu ya jogoo wangu akipikwa. Nikaingia.

Blanketi nyekundu, maganda kichwani. Kiti hakikubaki kimesimama. Pasta aliruka mkeka. Mulongo hajui kanuni ya nne. Alikimbia hadi barabarani.

Élisa peke yake hakukimbia. Macho yake yalikuwa mekundu, sauti imekwisha. Alinigusa uso, akanigusa mikono, akanipiga mara mbili na kitambaa cha kichwa, kisha akakagua blanketi. Halafu akanipa paja la jogoo na bukari, ugali wa moto. Sijawahi kula chakula kitamu hivi. Watu walirudi mmoja mmoja wakala pamoja nami. Kilio kizuri sana.

Jumamosi, 1 Machi

Mulongo alimweleza Pasta kwamba nadhiri ilikuwa ya marehemu, na marehemu anatafuna. Pasta akamjibu kwamba aliapa mbele ya Mungu, na Mungu alijua tangu mwanzo kwamba Kabange amelala usingizi. Imekwisha.

Jumapili, 2 Machi

Nilitembea mbele!

Kikapu cha Mulongo kichwani mwangu, kwaya nyuma, watu wamesimama. Mulongo alikuwa wa pili. Nilisikia akiniambia kisogoni: tembea vizuri, weye maiti, usiangushe mahindi yangu. Nilicheka, naye akacheka. Baadaye tulikula nyumbani kwake. Si mtu mbaya.

Élisa aliimba kwa sauti iliyokauka, akinitazama mimi tu. Mungu ni mwema.

Jumatatu, 3 Machi

Noémie amekuja na kipande kilichokuwa kimebaki kwa mama wa karanga. Kanuni ya tano inasema: dubu mweusi akikushambulia, pigana naye kwa nguvu zote, usijilaze kabisa. Na chini kabisa: afadhali kuvuna mapema, chakula kisibaki nje. Élisa alicheka hadi akakaa chini.

Wanacheka bure. Watu wa Kanada hawajajaribu njia yangu. Nimefuta kanuni ya tano kwa kalamu, nimeandika ya Kabange.

Na Mungu hafungi mlango. Shemeji yangu wa Sanga, kule ziwa Kisale, ametuma habari kwamba kiboko anatoka majini mchana na kula viazi vyake. Nitakwenda Alhamisi. Nimefikiri vizuri: ni mnene, ni mweusi, anapenda mashamba ya watu. Ni dubu tu, ameoga.

Élisa amekwisha kuificha blanketi. Nitachukua pazia.