Soksi za Anselm na Kilima cha Highview

Sogeeni, enyi wakimbizi wenzangu wa Louisville, Columbus na Buffalo! Wekeni simu chini, punguzeni moto wa maharage, niwasimulie vita ya hatua ishirini na tatu iliyopiganwa Jumamosi mchana hapa Highview, mtaa wa Louisville, ambayo niliishuhudia yote kwa macho haya, nikiwa ndani ya gari, mkanda nimefunga.

Msafara wetu wa posa ulitoka Buffalo. Mbele alikaa Birindwa, bwana harusi mtarajiwa, simba wa ghala la vifurushi, siku hiyo akitetemeka kama kifaranga. Usukani alishika Anselm, Mtanzania wa Amherst, mshenga wetu, jemadari wa maneno. Pale Columbus tukampakia Shangazi Cibalonza, dada wa baba yake Birindwa, mwinua-wagonjwa wa hospitali, na sufuria yake ya sombe, yale majani ya muhogo, nene kama ngoma. Na sheria ya ukoo wa binti ilijulikana: sufuria ya wakwe ikigusa ardhi kabla ya mlango, rudini nayo, mje tena mwakani.

Basi tukafika kwa Mzee Nshombo, baba wa binti, na nyumba yake imekaa juu, na njia ya kuifikia imevaa barafu. Gari likapanda, likateleza. Likapanda tena, likateleza tena. Mara ya tatu likajilaza kando ya sanduku la barua. Dirishani, dada zake Nshombo wakavuta viti, watazame vizuri.

Anselm akashuka, akakohoa, akaihutubia barafu. Akasema Waingereza wa kale, miaka elfu na zaidi, waliuita mwinuko kama huu brant. Kwamba neno hilo walilivika milima, mawimbi na omo za merikebu zilizosimama wima. Kwamba baadaye wenyewe walilitupa, likabaki kwa wachache wa kaskazini, ambao waliliita hivyo hata paji la uso lililo refu, lisilo na mkunjo. Birindwa akauliza kwa unyonge kama linayeyusha barafu.

Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Bon, Anselm. Ile neno yako iko na miguu?"

"Hapana, Shangazi."

"Donc toa soksi."

Zikatolewa, soksi mpya za sufu, na Shangazi akazivaa juu ya viatu vyake, zing'ang'anie barafu. Skafu ya Birindwa akaisokota kata, sufuria ikapanda kichwani, na yule shujaa akaukabili mlima. Hatua ya tisa mguu ukakimbia. Birindwa akafumba macho. Sufuria ikayumba, ikafikiri, ikatulia. Ya ishirini na tatu, mlango!

Hapo Nshombo akauziba mlango kwa kifua, akaanza kuamkia: habari ya njia, ya Buffalo, ya marehemu mmoja mmoja. Shangazi akajibu zote, sombe kichwani, uso laini.

Mwishowe mzee akasogea kando. "Ingia, mukwe. Nilikuwa natafuta mukunjo kwa paji yako. Hakuna."

Birindwa alilia waziwazi. Na viatu vilipovuliwa mlangoni, jemadari Anselm akaingia kwenye posa pekupeku, shemeji za Birindwa wakimcheka vidole.

Iandikwe basi: watoto wa Nshombo leo wanaiita njia ile Brant, wakiteremka nayo kwa makalio. Neno lililofukuzwa kwao, likatangatanga karne kadhaa, limepata makazi Highview. Nasi wakimbizi tumelipokea, tukalipatia na sahani ya sombe.