Pointi ya Kaburi la Mama

Jumatatu, 3 Juni 2024

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa komini, ofisi yetu ya serikali. Mgodi unapanuka tena, na safari hii unakula makaburi. Yote yatahamishiwa nje ya mji. Mama yuko mle tangu miaka mitatu iliyopita. Mama Domitille, aliyezaa watoto saba akabaki na wawili: mimi Beya, na mdogo wangu Annie anayeishi Mutshatsha.

Kila familia ipeleke pointi ya kaburi lake, yaani zile namba ambazo simu inatoa kuonyesha mahali penyewe. Mwisho ni Jumatano ya wiki ijayo. Asiye na simu ya namna hiyo apange foleni. Wakala ataenda naye kwa miguu na kuchomeka kijiti chekundu. Karani, Mama Naomie, alinieleza hayo polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa dawa zake. Kisha akanionyesha foleni. Watu mia mbili! Vumbi, jua usoni, wamama wamekalia ndala zao.

Mimi nipange foleni? Mimi niliyesoma umeme miaka mitatu? Nitanunua simu.

Jumanne, 4 Juni

Duka la kampuni ya simu. Simu za promosheni, zimefungwa zisikubali laini ya mtandao mwingine. Zimebaki za aina mbili. Moja ina GPS lakini haina Wi-Fi. Nyingine ina Wi-Fi lakini haina GPS. Nikauliza kama hakuna yenye vyote kwa bei ile. Muuzaji, kijana anayeitwa Dodo, alicheka mpaka akakohoa.

Alinieleza kwamba ya kwanza inasikiliza satelaiti, inajua uko wapi hata porini. Ya pili inakupa intaneti ya bure, mradi uwe karibu na Wi-Fi ya mtu. Nilipomwambia habari ya kaburi, hakusita. Alisema: "Tata Beya, kamata ya GPS. Ile ingine haitakusaidia kule kwa makaburi."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Ndipo akaingia Sadrack!

Sadrack ni jirani yangu. Tumeimba kwaya moja miaka kumi na miwili, na kila Pasaka ni yeye anayepewa kuimba peke yake. Akaichukua ile ya GPS, akaipenda, akasema ndiyo anayoitafuta kwa kaburi la baba yake. Akaniambia nichukue kama yake, ni nzuri.

Kama yake! Nikatangaza dukani kwamba GPS ni ya madereva wa malori. Nikanunua ya Wi-Fi. Tena nina sababu. Nyuma ya hoteli kubwa Wi-Fi inavuka ukuta. Annie ana mguu mbaya, hawezi kusafiri. Nitampigia kwa picha, bure, aone kaburi la mama kabla halijahamishwa. Sadrack ataweza hilo?

Jumatano, 5 Juni

Ushindi. Nimesimama kwenye ukuta wa hoteli, Wi-Fi imeingia. Nikafungua ramani. Kitone cha buluu kikaonekana palepale nilipo! Kwa hiyo simu yangu nayo inajua. Dodo hajui anachouza.

Nikampigia Annie. Uso wake ukajaa kioo kizima. Amekonda. Sijamwona tangu mazishi. Tulicheka kwanza, kisha akalia. Aliniomba kitu kimoja tu, mimi kaka yake: "Yaya, unionyeshe mama."

Nikamwahidi Ijumaa.

Ijumaa, 7 Juni

Makaburini hakuna Wi-Fi. Hilo sikulifikiria. Nilipandisha simu juu, nikaishusha, nikazunguka nayo kama mtu anayefukuza nyuki. Hakuna. Kumpigia Annie haikuwezekana.

Misalaba mingi haipo. Ya mbao imeishia kwenye moto, ya chuma imeuzwa. Nilitafuta saa nzima. Mwishowe nikaiona saruji yetu ndogo kando ya kichuguu, na jina nililoliandika mwenyewe kwa msumari ilipokuwa bado mbichi. DOMITI. Iliyobaki imeliwa na mvua. Nikachutama, nikapangusa vumbi kwa kiganja. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Sadrack alikuwa upande wa pili, kwa baba yake. Dakika mbili, amemaliza. Akaja kwangu. "Leta tukamate na ya mama. Ni dakika mbili tu."

Nikasimama mbele ya kaburi ili asilione vizuri. Nikamwambia simu yangu ilishapiga pointi, tena kwa namba ndefu kuliko zake. Akaniangalia. Akaaga, akaenda.

Nikafungua ramani. Kitone kipo, namba zipo. Nikazinakili zote. Sijui kwa nini kitone kilionekana hakijasogea tangu Jumatano, lakini mimi si mhandisi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepeleka namba. Mama Naomie alizitazama sana. Aliuliza kama nilikuwa nimesimama kaburini kweli. Nikakasirika. Nikasema ndiyo, na ni kweli! Akasema foleni leo ni fupi, watu ishirini tu, wakala anaweza kwenda nami sasa hivi, kuhakikisha. Nikamjibu kwamba simu ni mpya.

Akaandika.

Nikatoka nimeinua kichwa. Sadrack alikuwa ndani ya foleni! Mwenye GPS, ndani ya foleni! Alisema mke wake hana amani bila kijiti chekundu. Nilimcheka njia nzima mpaka nyumbani.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeitwa komini.

Mawakala walifuata namba zangu. Ziliwafikisha hotelini, nyuma ya jiko, penye banda la kuku. Walifika na makoleo, maski na jeneza dogo. Mpishi alikimbia. Habari ikatoka kwamba hoteli imejengwa juu ya maiti, wageni wawili wakabeba masanduku yao. Meneja anataka kumjua huyo Beya ni nani.

Nilitaka kucheka. Nilimwona Mama Naomie hacheki.

Alisema orodha ilifungwa Jumatano. Kampuni ya mgodi imeweka uzio Alhamisi. Mashine zimeanzia upande wa kichuguu. Upande wa kichuguu ndio wa mama. Nikamwambia nalijua kaburi, nitakwenda kulionyesha kwa kidole. Nikamwambia kuna jina, limeandikwa kwa msumari. Akasema makaburi yasiyo na kijiti wala pointi yamefunguliwa jana. Mifupa imekusanywa pamoja. Makaburi arobaini na moja. Saruji zote zimevunjwa.

Nilikwenda hata hivyo. Sadrack alinikuta kwenye uzio, nimeshika waya. Ndani kulikuwa kumesawazishwa, pekundu, hata kichuguu hakipo. Nilingoja aniambie kwamba alitaka kunisaidia nikakataa. Hakuniambia. Alisema tu, akikumbuka ugali wa mama wa Jumapili baada ya kwaya: "Mi nilikulaka bukari kwake. Kila siku ya Mungu, kisha kwaya." Akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya walinzi.

Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria Annie.

Jumamosi, 22 Juni

Mazishi mapya. Annie amekuja! Sikumwita. Amepakiwa kwenye pikipiki tangu alfajiri, mguu umefungwa vitambaa, na unga wa muhogo mgongoni kwa ajili yangu. Sadrack naye alikuwepo, kwa baba yake, kaburi namba kumi na mbili.

Makaburi mapya yamepangwa vizuri. Mistari, saruji nyeupe, namba. Mwisho kabisa kuna shimo moja kubwa, msalaba mmoja, neno moja: WASIOJULIKANA. Padri alisimama hapo muda mfupi.

Annie akaniuliza mama yuko wapi.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa na maneno yote. Lakini alinishika mkono kwa uzito wake wote, maana mguu haumbebi, na mkono wangu wenyewe ukanyooka. Ukaonyesha namba kumi na saba. Wenye kaburi lile hawakuwepo siku hiyo. Saruji nzuri, bado haina jina.

Akapiga magoti. Ilimchukua muda kushuka. Akaweka kiganja juu ya saruji.

"Mama, nimefika. Ni mugulu ilinichelewesha."

Akamweleza yote. Watoto wake, shamba, mume aliyekwenda Kisenge asirudi. Akamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba Beya amemtunza vizuri, hata mahali pazuri amemtafutia. Sadrack alikuwa hatua tano nyuma yetu. Alisikia. Akavua kofia yake, akatazama chini.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale kwa kunyamaza kwake.

Jumatatu, 24 Juni

Annie amerudi Mutshatsha. Wakati wa kuagana alisema sasa anaweza kulala. Atarudi kila mwaka, Mungu akipenda, kusafisha kaburi.

Kila mwaka!

Baada ya adhuhuri Mama Naomie alipita mwenyewe nyumbani. Kampuni imekubali kuweka jiwe juu ya shimo la wasiojulikana. Familia ziende Alhamisi kutaja majina ya watu wao, yatachongwa. Hakuna simu, hakuna pointi. Ni kusimama kwenye foleni na kutaja jina. Alinishika bega, akasema jina la Mama Domitille litakaa vizuri pale.

Nikamshukuru. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Siendi. Nikienda, mama atakuwa mahali pawili, na Annie anajua kusoma.

Jumanne, 25 Juni

Nimekwenda kwa Dodo asubuhi na mapema. Amekubali kubadilishana. Amepokea ya Wi-Fi pamoja na redio yangu, amenipa ya GPS. Alinionyesha namna ya kungoja mpaka satelaiti nane ziingie, ndipo pointi iwe sahihi kabisa. Hata nusu hatua hukosei, ameniapia.

Nimetoka nayo hapo moja kwa moja mpaka makaburi mapya. Nimesimama juu ya namba kumi na saba. Satelaiti tisa! Nimezinakili namba zote, nimezisoma mara tatu, nimemtumia Annie. Sasa hata nisipokuwepo mimi, hatapotea.

Bado jina tu. Kesho nitatafuta rangi nyeusi, kabla wenye kaburi hawajafika.